Kabla ya Kupiga Windows: Mfumo Endeshi, Fundi na Chaguo la Kompyuta

Mada iliyotolewa mbele ya walimu, wenye maduka ya steshenari na watunza hesabu wa vikundi vya akiba, Dar es Salaam. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya kijitabu hiki.

  

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo mitaani lina jina fupi: kupiga Windows. Kompyuta ikianza kujikokota, ikichelewa kuwaka au ikijaza skrini matangazo yasiyoombwa, jirani mwenye nia njema husema, "Ipeleke ikapigwe Windows." Fundi huipokea, mara nyingi bila hata kuuliza inafanya kazi gani, huchomeka flashi yake, na baada ya saa moja au mbili huirudisha ikiwa nyepesi kama siku ilipotoka dukani. Bei ni ndogo, kazi ni ya haraka, na mteja huondoka akishukuru. Shukrani hiyo hudumu mpaka atakapofungua kabrasha la kazi zake.

Nitawaeleza lalamiko moja bila kutaja jina wala mtaa. Mtunza hesabu wa kikundi cha kuweka na kukopa alipeleka kompyuta ya kikundi kwa fundi kwa sababu ilikuwa inazima yenyewe. Ndani yake mlikuwa na miaka minne ya hisa, mikopo na marejesho. Daftari la karatasi waliliacha siku ile ile walipoanza kutumia kompyuta, wakiamini kwamba sasa wameendelea. Fundi alifuta diski nzima na kuweka mfumo mpya. Alipoulizwa, alijibu kwa utulivu kabisa: "Hukuniambia kama kuna vitu." Kikundi kilitumia wiki kadhaa kujenga upya hesabu zake kutokana na ujumbe wa miamala uliobaki kwenye simu na kumbukumbu za wanachama, nanyi mnajua kwamba kumbukumbu ya mdai na ya mdaiwa hazifanani hata siku moja. Kompyuta, kwa taarifa yenu, iliendelea kuzima yenyewe. Feni yake ilikuwa imejaa vumbi.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu fundi yule hakuwa mwizi wala tapeli. Alifanya kile alichoelewa kuwa ameombwa. Hapakuwa na karatasi iliyoonyesha alichoombwa, hapakuwa na risiti, na hapakuwa na swali lililoulizwa upande wowote. Mambo kama hayo yakifika mezani kwetu huwa magumu kuamua, na hata yakiamuliwa, uamuzi haurudishi mafaili.

Tuanze na maana. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziratibu programu nyingine zote. Yaweza kuwa Windows, yaweza kuwa macOS ya kompyuta za Apple, au mojawapo ya mifumo ya jamii ya Linux kama Ubuntu. Kuusakinisha upya ni kuuondoa uliopo na kuuweka mwingine mahali pake. Jambo ambalo wateja wengi hawaelezwi ni kwamba kazi hiyo ina njia zaidi ya moja. Ipo inayobadilisha mfumo na kuyaacha mafaili ya mwenye kompyuta mahali pake, ingawa programu zilizoongezwa baadaye huondoka na itabidi ziwekwe tena. Ipo inayofuta sehemu moja tu ya diski, ile inayoonekana kwa herufi C. Na ipo inayofuta diski yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa fundi, zote tatu ni kupiga Windows. Kwa mtunza hesabu wetu, tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ilikuwa miaka minne.

Njia ile ya kwanza imo tayari ndani ya Windows 10 na Windows 11, na haihitaji flashi wala fundi. Unafungua mipangilio, unaingia sehemu iliyoandikwa Recovery, unachagua "Reset this PC", na kompyuta inakuuliza yenyewe kama ibakize mafaili yako au iondoe kila kitu. Itauliza pia kama ipakue mfumo kutoka kwenye intaneti au itumie uliomo ndani. Kupakua kunaweza kula zaidi ya GB 4 za bando, kwa hiyo asiye na intaneti ya kutosha achague uliomo ndani, isipokuwa pale ambapo huo wa ndani ndio ulioharibika.

Lakini tusikimbilie huko. Swali la kwanza ni kama ugonjwa ni wa mfumo kweli. Kompyuta nyingi zinazolalamikiwa kuwa nzito zina diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, au kumbukumbu ya RAM ya GB 4 inayobebeshwa kazi za GB 8. Kompyuta ya namna hiyo unaweza kuipiga Windows kila mwezi na itaendelea kujikokota. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungueni sehemu ya Performance, mtazame. Ikiwa diski inasoma asilimia 100 muda wote huku hamjafungua chochote kizito, na pameandikwa kuwa ni HDD, basi fedha ya fundi iongezeni mnunue diski ya SSD. Kwa maoni yangu hakuna tengenezo jingine la bei ya wastani linaloibadilisha kompyuta ya zamani kiasi hicho. Na ikiwa diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, msiruhusu mtu yeyote aweke mfumo mpya juu yake. Diski hiyo inakata roho. Kazi ya kwanza ni kuokoa mafaili, mengine baadaye.

Sababu za haki za kusakinisha upya zipo. Mfumo umekataa kuwaka kabisa. Virusi vimeingia na havitoki. Unaiuza kompyuta au unampa mtu mwingine. Au umenunua iliyotumika, na hii ya mwisho naiwekea mkazo: kompyuta ya mtu mwingine huja na mambo ya mtu mwingine, yakiwemo yale ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo.

Sasa nakala. Kila mtu anajua kwamba anapaswa kunakili mafaili yake kabla ya kazi hii. Tatizo ni yale yanayosahaulika. Watu hunakili kabrasha la Documents na kuacha yaliyotapakaa kwenye uso wa skrini, ambako kwa kweli ndiko kazi nyingi za Kitanzania zinakohifadhiwa. Huacha kabrasha la vilivyopakuliwa. Huacha nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari. Na wale wanaotumia programu za hesabu wasikilize vizuri hapa: programu nyingi za namna hiyo haziweki kumbukumbu zake kwenye Documents, bali kwenye kabrasha lake zenyewe, mahali ambapo hamna mazoea ya kuangalia. Tumieni amri ya kuhifadhi nakala iliyomo ndani ya programu hiyo hiyo, kisha hilo faili linalotoka ndilo mlichukue.

Mkishanakili, ichomoeni ile flashi au diski ya nje, ichomekeni kwenye kompyuta nyingine, mfungue mafaili matatu au manne. Naona wengine wanatabasamu. Lakini nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Na iwepo nyingine mahali pengine, iwe kwenye hifadhi ya intaneti au kwenye diski iliyo nyumbani kwa mweka hazina. Moto na mwizi havichagui kompyuta na kuacha flashi iliyo droo ya chini yake.

Kuna ufunguo mmoja ambao umewaliza watu wengi bila wao kujua kwamba upo. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa usimbaji uitwao BitLocker, na wakati mwingine hufanya hivyo zenyewe mwenye mali anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Kila kitu huenda sawa mpaka fundi aguse mipangilio ya ndani kabisa. Hapo skrini ya buluu hutokea na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na tarakimu hizo hana mafaili, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa kwingineko atakayezikisia. Kwa kawaida huwa zimehifadhiwa ndani ya akaunti yako ya Microsoft. Ingieni mzitafute leo, mziandike kwenye karatasi, karatasi ikae mbali na kompyuta.

Na ikiwa maji yameshamwagika, yaani diski imefutwa na nakala hakuna? Izimeni kompyuta hapo hapo. Msiweke programu, msiangalie kama intaneti inafanya kazi. Katika diski ya sahani, kufuta huondoa orodha ya mafaili kabla ya kuondoa mafaili yenyewe, na mtaalamu wa uokoaji anaweza kurudisha sehemu yake mradi hakuna kipya kilichoandikwa juu. Katika SSD matumaini ni madogo, kwa sababu mfumo wenyewe huamuru nafasi iliyofutwa isafishwe.

Nije kwenye leseni, jambo ambalo wenye maduka hawapendi nilizungumzie. Mteja akilipa fedha kidogo na kupewa Windows iliyo kamili pamoja na Word, Excel na Publisher, kuna mtu hakulipwa. Mara nyingi kilichofanyika ni kuendesha kijiprogramu cha kuvunja kufuli, na kijiprogramu hicho hakikubali kufanya kazi mpaka ulinzi dhidi ya virusi uzimwe. Hebu tulitafakari hilo kwa lugha ya nyumbani. Mtu usiyemjua anakuja kukusaidia kufungua mlango, na sharti lake ni kwamba kwanza mlinzi aondoke getini. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, pamoja na vile vinavyoiba nywila, vimesambazwa kwa njia hii kwa miaka mingi. Sisemi kila flashi ya fundi ina virusi. Nasema mteja hana namna ya kujua ipi inavyo, na kompyuta yenyewe ndiyo anayoingilia kwenye akaunti ya benki ya kikundi.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni slmgr /xpr, mbonyeze Enter. Kijisanduku kitatokea. Kikisema kwamba mfumo umeamilishwa moja kwa moja, ni dalili njema. Kikitaja tarehe ya mwisho, mara nyingi ndani ya siku 180, basi uamilisho huo ni wa aina inayotumiwa na mashirika makubwa yenye mitambo yao ya leseni. Na kama kompyuta ni ya dukani kwako, muulize aliyeiweka shirika hilo ni lipi. Mara nyingi hata hapakuwa na haja ya kuvunja kufuli. Kompyuta zilizotoka kiwandani zikiwa na Windows 10 au 11 halali hubeba leseni ndani ya ubao wake mkuu. Ukisakinisha upya toleo lile lile, Home kwa Home na Pro kwa Pro, ukaunganisha intaneti, hujiamilisha zenyewe. Mfumo wenyewe hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Microsoft na kuwekwa kwenye flashi isiyopungua GB 8. Yapo mafundi wanaofanya kazi kwa njia hii, na ni haki yao kutoza zaidi kidogo.

Mengi ya maswali tunayoulizwa siku hizi yanahusu Windows 10. Microsoft ilikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo wala haitazimika. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya bure ya kila mwezi, ukiacha mpango wa nyongeza ambao kwa watumiaji wa kawaida ulitangazwa kufikia 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha nane. Kukisoma kizazi ni rahisi. Tazameni tarakimu zinazofuata baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Muuzaji akiwaambia "ni i5" na kunyamaza, hajawaambia kitu.

Madukani kuna kompyuta za kizazi cha nne, cha tano na cha sita ambazo zimewekewa Windows 11 kwa kuzunguka masharti hayo. Zinawaka, zinapendeza, na Microsoft imeeleza wazi kwamba haziahidiwi marekebisho. Si kosa kununua kompyuta ya zamani. Kosa ni kuuziwa ya zamani kwa bei na sifa za ile inayotimiza masharti.

Kwa kompyuta ambazo zimeachwa nyuma, Ubuntu au Linux Mint ni njia halali isiyo na gharama ya leseni. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa miaka mitano; la Aprili 2024, kwa mfano, linafika mwaka 2029. Unaweza kuujaribu mfumo huo kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Ninaupendekeza kwa mwanafunzi, kwa kompyuta ya kuingilia intaneti, kwa chumba cha kompyuta cha shule. Kwa duka la steshenari linalochapa mitihani na mialiko ya harusi ninasita. LibreOffice hufungua mafaili ya Word, lakini majedwali huhama na fonti hubadilika, na mteja aliyesimama mlangoni na flashi yake hataki kusikia habari za uhuru wa programu.

Basi tufike kwenye kununua, na lile swali la mezani au mpakato.

Wengi hujibu kwa mazoea: mpakato ni ya kisasa, ya mezani imepitwa na wakati. Mimi ningeuliza kwanza habari za umeme. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na skrini yake tuikadirie wati 120, mpakato wati 30. Kwa saa 8 za kazi, ya kwanza inakula karibu uniti 1, ya pili robo ya uniti. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni kama uniti 25 kwa 6. Ofisi kubwa haitaiona tofauti hiyo. Lakini kwa anayefanyia kazi nyumbani na yumo katika kundi la D1, lenye mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, uniti 25 ni theluthi nzima ya anachoruhusiwa kabla bei haijapanda. Kwa mwenye sola, hesabu ni kali zaidi.

Halafu kuna kukatika. Mpakato ukikatika umeme huendelea kwa betri na mtu humaliza barua yake. Ya mezani huzima papo hapo, na kuzima papo hapo katikati ya uandishi ndiko kunakoharibu mafaili na mifumo. Yaani kupiga Windows kwingi kunaanzia kwenye nguzo ya umeme. Anayenunua ya mezani ahesabu na bei ya UPS. Na ajue kwamba UPS ndogo haimpi saa za kazi. Inampa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Tafadhali, mashine ya kuchapishia ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo. Mvuto wake wa umeme inapopasha moto unaizidi nguvu.

Upande wa pili wa mizani, ya mezani hutengenezeka. Kibodi ikimwagiwa chai unanunua nyingine bila kufungua bisibisi hata moja. Kwenye mpakato, chai hiyo hiyo inashuka hadi kwenye ubao mkuu. Skrini ya mezani ikipasuka unaazima ya jirani. Ya mpakato ni nusu ya safari ya kununua mwingine. Ya mezani ni nzito kuibiwa. Kwa duka ambalo kompyuta haisogei mwaka mzima, inatumiwa na vijana watatu kwa zamu, na ina mashine ya kuchapishia pembeni, nisingesita: ya mezani yenye UPS. Kwa mwalimu anayebeba kazi baina ya shule na nyumbani, au mtunza hesabu anayekwenda mikutanoni, mpakato. Na katikati yapo yale makasha madogo ya mezani, ya ukubwa wa kitabu kinene, yanayokuja kwa wingi kutoka maofisi ya nje: HP, Dell na Lenovo zote zinayo. Hutumia chaja kama ya mpakato, hula umeme kidogo, na watu wengi hawayaulizii kwa sababu tu hawayajui.

Onyo moja kuhusu kompyuta za mezani zilizotumika, hasa za zamani zilizotoka Marekani. Nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, tazameni kama kuna kijiswichi chekundu chenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 na mkachomeka ukutani, mtasikia mlio mmoja, na biashara imekwisha. Chaja za mpakato kwa kawaida zimeandikwa 100 hadi 240 na hazina shida hiyo.

Kwa mpakato uliotumika, kinachoficha umri ni betri. Fungueni dirisha la amri, andikeni powercfg /batteryreport. Kompyuta itaandika ripoti na kuwaambia imehifadhiwa wapi. Ndani yake mna uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa iliundwa na 50,000 na sasa inajaa 22,000, mnanunua chini ya nusu ya betri, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Kwa diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya yake na saa ilizotumika. Muuzaji mwaminifu hatakasirika mkiomba dakika kumi za kuangalia. Anayekasirika amewasaidia pia.

Lipo jingine ambalo halionekani dukani kabisa. Mipakato mingi iliyotumika ilikuwa mali ya makampuni, na mingine ingali imesajiliwa kwao. Inafanya kazi vizuri mpaka siku utakapoifuta na kuiunganisha na intaneti. Hapo inakukaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Za Apple nazo zina kufuli la akaunti ya mmiliki wa awali. Ndiyo maana nashauri kwamba kompyuta iliyotumika isakinishwe upya mbele ya muuzaji, intaneti ikiwa imeunganishwa, kabla ya kulipa au angalau ndani ya siku za dhamana. Kuigundua hali hii baada ya miezi sita ni kuanza safari ya kumtafuta mtu aliyekwisha kuhama fremu.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, kwa kuwa mwenzangu ana mada yake mchana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kumdanganya mlaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lakini maelezo ya mdomo hayana mkono wa kunyanyua mbele ya mwamuzi. Dai risiti ya EFD, na kwenye karatasi ya duka yaandikwe aina ya kompyuta, namba yake ya utambulisho, prosesa kwa tarakimu zake zote, RAM, aina na ukubwa wa diski, aina ya leseni ya Windows, na siku za dhamana. Kama ni "refa" au "used", iandikwe hivyo.

Kwa fundi, karatasi moja yenye mistari mitano inatosha: tatizo lililosemwa, kazi itakayofanyika, mafaili yabaki au yafutwe, bei, na saini mbili. Mafundi wenyewe waipende karatasi hiyo, maana inawalinda wao kwanza. Fundi ambaye mteja wake ameandika kwa mkono wake "futa vyote" hana kesi.

Na picha zenu, vyeti vyenu, barua zenu. Kompyuta ikiwa mezani kwa fundi, vyote hivyo viko mezani kwa fundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo na hupokea malalamiko. Hata hivyo, pale inapowezekana, toeni diski au hamisheni vya siri kabla ya kupeleka. Mkishindwa, ketini pale pale mpaka kazi iishe. Hakuna fundi wa heshima atakayeona ajabu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fomu za malalamiko ziko meza ya kushoto, pamoja na mfano wa ile karatasi ya fundi; chukueni na mtoe nakala. Waliokuja na kompyuta zao wasogee mbele, tuanze na zile zenye Windows 10, na aliye na chaja ya pini ndogo ya HP tafadhali atuazime.